Huku Juu Hakuna Vimulimuli

Mita elfu nne juu ya bahari ambayo nchi yetu haina,
hewa ni nyepesi, waja ni wazito.
Hapa El Alto maji huchemka kabla hayajapata moto wa haja,
na damu huenda mbio
kutafuta pumzi ya watu wawili.

Mimi ni Zenobia Calle, daktari wa mimba zenye mashaka.
Mama yangu, muuza viazi vikavu kwenye soko la Alhamisi,
huwaambia wateja: "Huyu wangu hazalishi kama wenzake.
Hukesha na wale walioogopwa."
Kisha huongeza kiazi kimoja cha bure kwenye mizani,
kama anayelipa deni la mtu.

Mwaka wangu wa kwanza, Julai,
madirisha yameganda barafu kwa ndani,
akaja Primitiva Huallpa kutoka mabonde ya Yungas,
mimba ya miezi minane, viatu kavishika mkononi
maana miguu ilikuwa imevikataa.
Akasema, "Daktari, wodi yenu ina vimulimuli."
Nikacheka.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na jiografia naijua.
"Mama, huku juu hakuna vimulimuli."
Nikaenda kunywa chai ya koka.

Kifafa cha mimba hakipigi hodi.
Alikuja kujifungua; alfajiri tukamfunga sanda.

Tangu hapo kwanza nauliza unaona nini,
ndipo nafunga kipimo cha presha mkononi.
Wameniambia: mchanga wa dhahabu.
Chenga za televisheni iliyopoteza stesheni.
Mke wa askari mmoja alisema: medali.
Hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Daktari, shinikizo langu limepanda."
Wala vitabu vya Sucre, nilikokwenda kusomea miaka mitatu,
mapafu yakashiba hadi nikakaribia kutorudi,
havikuandika neno medali.

Juzi usiku, Lidia Ticona. Wiki ishirini na nane.
Nilipomuuliza alinyamaza kwanza, akaona haya,
kisha akanyoosha kidole kwenye dari tupu:
"Wale pale. Wanawaka na kuzima."
Nikahisi chai ya miaka thelathini ikipanda kooni.

Magnesiamu mshipani. Nyundo ndogo ya mpira gotini,
kila saa, na kila saa tena:
mguu ukiruka, dawa haijazidi;
goti likinyamaza, ni mimi ninayeua.
Mumewe, Wilfredo, fundi wa charango,
vidole vyake vikitafuta nyuzi kwenye kofia,
akaniuliza lile swali wanaloliuliza wote: yupi?
Nikamjibu, "Mlete dada yake, atoe damu,"
kwa sababu hilo ndilo nililokuwa na jibu lake.

Saa tisa usiku tukapasua.
Wa kiume, gramu mia tisa na sitini,
ngozi kama ganda la ndani la kitunguu.
Hakulia. Alitoa mlio wa mlango wa kabati,
na muuguzi Herminia akaondoka naye mbio, bila kukimbia,
kama tunavyojua sisi.

Lidia leo amekunywa uji. Dari ni dari.
Kuhusu mtoto sitasema kitu.
Anavuta pumzi kwa mashine, na mashine haina ahadi.

Ni Alhamisi. Nimeshuka kwenye kiti cha kamba na koti la kazi,
nikamwomba mama anipimie viazi,
gramu mia tisa na sitini.
"Uzito gani huo? Nani hununua hivyo? Chukua kilo."
"Hivyo hivyo, mama."
Akanitazama, akapima, akatoa kimoja, akarudisha kidogo,
nikaupakata mfuko pale sokoni, katikati ya watu,
mkono mmoja chini, mwingine juu.

Hakuuliza.
Akafungua mdomo wa mfuko
akaongeza kimoja.